Chambo cha Mgeni wa Darini

Goti langu la kushoto ndilo lililostaafu kwanza. Mimi nililifuata tu. Kutega wanyama katika dari za Johannesburg ni kazi ya ngazi, na ngazi haimhurumii mtu aliyeanza kuipanda akiwa tayari ana wajukuu. Nyinyi mnaobaki na mitego na lile gari linalonuka mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikitengeneza chambo. Nitawaandikia. Ila mapishi peke yake hayatoshi, kwa hiyo mtanivumilia nikiongeza na mengine, likiwemo jambo moja ambalo sijawahi kulisema ofisini.

Nilianza mwaka 2015. Kabla ya hapo nilikuwa mlinzi wa mlangoni huko Marshalltown, kazi ya kusimama na kusalimia watu wasioitikia. Kampuni ilikuwa inatafuta mtu wa kutega, na usaili wenyewe ulikuwa mfupi: tajiri alifungua mtungi mezani, akatutazama. Wenzangu wawili walitoka nje. Mimi nilizaliwa Bukavu, nyumba yetu ilipakana na soko la samaki, kwa hiyo niliuliza tu kama dagaa waliooza mle ni ndagala au ni sambaza. Nikaambiwa nije Jumatatu.

Jumatatu hiyo nilikabidhiwa kwa Mzee Salehe. Alikuwa mtu wa Tanga, ameishi jiji hili tangu enzi ambazo hakupenda kuzizungumzia. Nilimwambia, "Jambo, Papa," akaendelea kukaza waya wa mtego kana kwamba amepita nzi. Nikarudia. Kimya. Mwishowe dereva wetu Otieno, Mkenya mwenye huruma, akaninong'oneza, "Sema shikamoo, mzee, hapa tutalala." Nikasema. "Marahaba," akaitikia Mzee Salehe, na tangu dakika ile akaanza kunifundisha kazi bila kuninyima kitu.

Somo la kwanza lilikuwa mikono. Ukioga kwa sabuni ya kunukia siku ya kutega, umekwisha kumwambia mnyama jina lako na anwani yako. Tulinawa kwa majivu. Glavu zilichemshwa pamoja na majani ya mkalitusi, zikaanikwa nje, hazikuguswa na mtu aliyevuta sigara. Somo la pili lilikuwa tofauti ya harufu na chambo, ambayo wengi wenu bado mnaichanganya. Harufu ni ya kumwita aliye mbali. Inaweza kuwa tone moja tu kwenye kipande cha sufi. Chambo ni cha kumfanya akae, aingize shingo, asahau mlango nyuma yake. Ukiwa na harufu bila chambo, atakuja, atazunguka mtego, ataondoka na kukucheka.

Kwa nguchiro tulitumia yai lililotobolewa na utumbo wa kuku. Kwa bweha wa pembezoni mwa jiji, utumbo huohuo ukiwa umekaa juani mpaka jirani alalamike. Kanu ndiye alikuwa na adabu zake. Kwa asiyemjua, kanu ni mnyama mwembamba kama paka aliyevutwa kwa ncha zote mbili, ana madoadoa, na mkia wake una mapete. Watu hawaamini kwamba anaishi katikati ya jiji, lakini palipo na njiwa na panya, naye yupo. Chambo chake hupikwa hivi: ndagala wakavu watwangwe, wachanganywe na mafuta ya kuku na asali kidogo, halafu glisirini ya duka la dawa ili baridi ya Juni isikifanye kigumu kama jiwe. Kikae kwenye mtungi mpaka kianze kutoa povu. Toboeni kifuniko. Mtungi wangu wa kwanza sikuutoboa, ukapasuka ndani ya gari kwenye robot, zile taa za barabarani, na mpaka leo Otieno hufungua madirisha akiniona.

Somo la tatu lilinitisha. Mzee Salehe hakutaja jina la mnyama anapochanganya chambo wala anapotega. Alimwita mgeni. Siku ya kwanza tulikwenda ghala moja la zamani huko Newtown, ambako kitu kilikuwa kinakula njiwa na kuacha vichwa vyao vimepangwa kwenye boriti. Aliweka chambo, akafungua mlango wa mtego, akainama kama anayezungumza na mtoto aliyejificha chini ya kitanda. "Mgeni njoo," akasema, "mwenyeji apone." Methali hiyo naijua tangu utotoni, lakini mle gizani ilikuwa na sauti nyingine. Nilimuuliza mwenyeji ni nani, sisi au mwenye ghala. "Hilo sijawahi kulijua," akasema, akashuka ngazi.

Nikalichukua neno hilo. Hata mimi nikawa sitaji kanu wala nguchiro, nasema mgeni tu, kazini na kwenye simu. Otieno naye akazoea. Lingeweza kuwa neno zuri kama tungekuwa tunatega mahali pengine, si katika jiji hili ambamo nusu ya watu tunaosikilizana nao kwa Kiswahili huitwa hivyohivyo.

Neno la mwisho la Mzee Salehe kabla hajarudi Tanga lilikuwa hili, nami nataka mliandike ukutani: mgeni akikataa chambo kizuri, usibadilishe chambo. Tafuta nani anamlisha.

Baada ya yeye kuondoka ndipo ikaja kazi ya Joubert Park. Ilikuwa ghorofa ndefu, korido zenye vyumba vilivyogawanywa kwa mbao, Wakongo wengi, Watanzania kadhaa, familia za Warundi. Msimamizi wa jengo alitaka tuondoe kitu kilichokuwa kinalia darini, ghorofa ya juu kabisa. "Kinalia vipi?" nilimuuliza. Akainua mabega. "Eish, papa. Kama mtoto."

Watu wa korido waliniambia zaidi. Aliyeongea kwa niaba yao alikuwa Mama Esther, muuza vitenge, kiongozi wa kikundi cha maombi cha ghorofa ile. Kilio kilitoka juu ya chumba cha Mama Riziki, msusi, mtu wa Uvira. Riziki alikuwa mwanawe wa pekee, alikufa kwa kifua mle chumbani, bado ananyonya. Matanga yalipokwisha, kilio kikaanza. Wengine walikwisha kuamua kwamba ni uchawi.

"Ule mama ni mulozi," Mama Esther aliniambia waziwazi, kitambaa chake cha maombi kikiwa begani. "Alikula mutoto, sasa mutoto iko namufuata. Tumeambia msimamizi: kama Jumapili ile kitu itakuwa ingali pale, yeye atoke. Kama hatatoka kwa muzuri, batamutoa."

Nilijua maana ya batamutoa. Nimewahi kuona vitu vya mtu vikitupwa toka ghorofani, na nimewahi kuona mtu akivifuata. Basi kazi ile haikuwa ya kuondoa kelele. Nilikuwa na siku chache za kumwonyesha kila mtu wa korido ile mnyama mwenye manyoya na mkia, la sivyo mwanamke huyu angekosa pa kulala, au zaidi ya hapo.

Nilipanda darini. Niliziona nyayo kwenye vumbi, za kanu, nzuri kama zimechorwa. Moyo ukatulia. Nikatega kwa chambo changu bora, nikasema maneno ya Mzee Salehe, nikashuka. Asubuhi yake nyayo zilikuwa zimefika hadi mdomo wa mtego, zikasimama, zikageuka. Nikaongeza harufu. Vilevile. Siku iliyofuata nilikuta amepita juu ya mtego wenyewe, kama anayepanda ngazi ya kanisa. Jumapili ilikuwa inakaribia. Ndipo nikakumbuka: tafuta nani anamlisha.

Sikutafuta mbali. Chumbani mwa Mama Riziki, juu ya kabati, palikuwa na tundu darini ambapo ubao ulikuwa umeoza, na chini ya tundu bakuli dogo la plastiki la kulishia watoto, lenye picha ya bata. Lilikuwa limelambwa likang'aa.

Alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia, amekonda, vidole vyake havitulii, vinasuka hewa. Hakukana.

"Ni uji yake," akasema. "Ya mahindi na maziwa, na ndagala kidogo ya kusaga. Daktari alisema ndagala inaongeza nguvu. Papa, iko nalia njaa. Nitafanya nini, niache mutoto wangu alie?"

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nilimwambia taratibu kwamba nimeziona nyayo, kwamba ni mnyama, kwamba Mama Esther na wenzake hawatangoja zaidi ya Jumapili. Aliposikia neno Jumapili hakulia, aliitikia tu kama mtu anayeambiwa habari ya juzi. Nilimwonea uchungu kiasi cha kutaka kuiacha kazi palepale. Nikamwomba anipikie bakuli moja la ule uji.

Kwetu Kongo neno nyama ni la mnyama pia, na ndilo alilotumia.

"Kama ni nyama, mutego itamukamata," akasema. "Kama ni mutoto, haitamukamata. Sawa, nitapika."

Jioni hiyo nilivunja kila nililofundishwa. Nilimruhusu anawe kwa sabuni yake aliyoizoea. Alikoroga, akaonja kwa ncha ya kidole, akapuliza ili usimwunguze, akanipa bakuli lenye joto la mikono yake. Mgeni yule hakuwa akifuata ndagala, alikuwa akifuata mkono. Niliweka bakuli mwisho wa mtego, nikafungua mlango, nikainama. Methali ilikataa kutoka. Mtu anayeitwa mwenyeji alikuwa amesimama chini yangu ameshika ngazi, na sikujua kama ninamponya.

Nilipotoka chumbani, nikampigia Otieno palepale kwenye korido. Korido ilikuwa imejaa watu wa saa za kupika, na mimi masikio yangu si mazima, kwa hiyo huongea kwa sauti kubwa. Nilisema hivi: "Otieno, mgeni yupo, huku juu kabisa. Kesho asubuhi na mapema tunamkamata. Lete gari, lisimame mlango wa nyuma, asije akashtuka akakimbia. Na usisahau karatasi, tusije tukasumbuliwa na polisi njiani."

Karatasi nilizozisema ni kibali cha kusafirisha mnyama wa porini. "Sawa mzee," akajibu Otieno, "nitafika kabla ya jam." Nikakata simu, nikawaaga waliokuwa karibu. Hakuna aliyeniitikia. Nilidhani ni harufu yangu.

Alfajiri nilipofika, geti lilikuwa wazi. Mlinzi hayupo. Nilipanda ngazi na katika ghorofa ya kwanza nikaanza kusikia viatu vyangu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika jengo lile. Hapakuwa na redio. Hapakuwa na mtoto wa kuchelewa shule, mtu wa kukohoa, mtu wa kugombania bafu. Kila ghorofa niliyopanda ilikuwa kimya kuliko ile ya chini yake. Juu kabisa, milango ya mbao ilikuwa wazi yote. Sufuria ya maharage ilikuwa juu ya jiko lililozimwa, mwiko ukiwa ndani. Kandambili moja ya mtoto katikati ya korido. Kitanda kimoja kilikuwa bado na shimo la mwili wa mtu. Niliita hodi, na sauti yangu ikaenda mpaka mwisho wa korido na kurudi.

Niliogopa, sioni haya kusema. Nilidhani jambo baya limefanyika usiku na mimi ndiye wa mwisho kujua. Nikakimbilia mlango wa Mama Riziki kwa goti hilihili.

Alikuwa ameketi kitandani amevaa nguo zake nzuri, mikono mapajani.

"Batu bote bamekimbia," akasema. "Juzi na jana unapanda, unatazama, hauongei. Leo unasema kwa telefone unaleta gari na polisi kukamata bageni benye hawana karatasi. Balitoka na watoto, hata Mama Esther. Bako kule mu parke, banaangalia."

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nikashindwa kucheka. Neno la Mzee Salehe lilikuwa limemwaga jengo zima nje kwenye baridi.

"Na wewe?" nilimuuliza. "Wewe pia huna karatasi."

"Ningemuachia nani?" akasema, akaonyesha dari kwa kidevu.

Nilipanda. Mtego ulikuwa umefunga. Kanu alikuwa ndani, amejikunja kando ya bakuli tupu, ndevu zake zina uji. Katika nyumba yenye kelele labda angesita tena. Ule ukimya ndio uliomtuliza akala mpaka mwisho. Nilimkagua kama ninavyowahimiza nyinyi mfanye kila mara, maana jike mwenye watoto haondolewi peke yake. Alikuwa dume. Nikamulika dari yote kwa tochi, boriti kwa boriti. Vumbi lilikuwa na nyayo za huyu mmoja, zikienda mtegoni. Hakuna kiota, hakuna watoto, hakuna njia nyingine ya kuingilia isipokuwa ile niliyopandia na lile tundu la juu ya kabati.

Nilimshusha, nikaweka mtego sakafuni mbele ya Mama Riziki. Wakatazamana. Alichuchumaa, akamwambia kanu kwa upole, "Kumbe ni wewe ulikuwa unakula." Machozi yakamtoka, mengi, bila sauti. Nikaona nimemaliza. Nikajiambia ameamini, ataumia, halafu atapona.

Wakati huo ndipo kilipolia.

Hakikulia mtegoni. Nilikuwa nimeshika mpini wa mtego, na kanu alikuwa ameinua kichwa na kuelekeza masikio yake juu, kama mimi. Kilio kilitoka juu ya kabati, chembamba, cha kuchoka, chenye kusita katikati kama mtoto anayengoja kuona kama mama amesikia. Kikarudi mara nyingine. Halafu jengo lile tupu likarudi katika ukimya wake.

Nimejieleza mambo mengi tangu siku ile. Mabomba ya zamani hulia maji yakikatwa. Njiwa hulia. Upepo wa alfajiri ukipita kwenye ubao uliooza hufanya mambo. Mchana maelezo yote hayo hunitosha.

"Papa," akasema Mama Riziki, hakunitazama. "Umesikia?"

Kwa miezi yote ile, kila aliyekuwa amesikia kilio kile alimwambia ni uchawi wake, na mimi nilimwambia ni mnyama. Sikuweza kumwongezea lingine.

"Nimesikia," nikasema.

Akafuta uso kwa kitenge. Mabega yake yalishuka, na kwa mara ya kwanza vidole vyake vikatulia.

Otieno alipofika na gari jeupe, watu waliokuwa kule kwenye bustani ya parke walizidi kusogea mbali, mpaka nilipotoka na mtego na kuuinua juu. Walikuja mmoja mmoja. Mama Esther alitangulia, mtoto wa mtu mgongoni, midomo imekuwa ya kijivu kwa baridi.

"Mgeni ni huyu," nikamwambia. "Karatasi ni zake. Nisameheni sana, mama."

Aliinama kutazama, kanu akamtolea meno. "Eish," akasema mtu nyuma yake, "si ni paka ya pori tu?" Kicheko kikaanza, kile cha watu walioogopa, kikapita toka kwa mmoja hadi mwingine. Mama Esther hakucheka. Alinisogelea.

"Papa Bahati, uniambie kweli mbele ya Mungu. Ni huyu tu?"

Juu dirishani niliona kitenge cha Mama Riziki.

"Ni huyu tu," nikasema.

Mama Esther akashusha pumzi. Alipanda ngazi, na baadaye niliambiwa alikwenda moja kwa moja kumwomba msamaha mwenzake, akiwa bado na mtoto mgongoni. Jumapili ilipita na hakuna aliyetolewa. Otieno na mimi tulimpeleka kanu mbali, nje ya jiji kwenye nyasi ndefu, akatoka bila kugeuka nyuma.

Kazi yetu, kama mjuavyo, haiishi mpaka tundu lizibwe kwa wavu wa chuma. Nilirudi alasiri ya siku ileile na wavu, misumari na koleo. Mama Riziki alinifungulia mlango, akanipa kiti, hakusema nisizibe. Bakuli lilikuwa juu ya kabati, limeoshwa. Nilisimama kwenye ngazi nikiwa na wavu mkononi kwa muda, kisha nikashuka, nikaaga.

Miezi kadhaa baadaye nilimpigia simu Mzee Salehe, Tanga. Nilianza na shikamoo, maana sikutaka kungoja. Nilimsimulia yote, hata lile nililomficha Mama Esther. Nilitarajia anikaripie kwa sababu ya sabuni, ya uji, ya tundu.

"Na mwenyeji je?" akauliza tu. "Amepona?"

Nilikuwa nimemwona wiki ile ile huko Newtown, anasuka mteja kwenye kivuli cha mwavuli, amenenepa kidogo mashavuni, anabishana na mwenzake na kucheka. Watu walikuwa bado wanamwita Mama Riziki, naye anaitika.

"Amepona," nikasema.

"Basi," akasema Mzee Salehe, akaniuliza hali ya hewa.

Sasa nimewaachia mitungi, majivu na glavu. Iko siku mtatumwa kukagua jengo lile, na mmoja wenu mwenye bidii ataona tundu juu ya kabati, halina wavu wetu, ataona aibu kwa ajili yangu na kuchukua koleo. Liacheni. Bakuli mkilikuta limejaa, msiliguse. Mkilikuta limelambwa, mwamkieni mama, mshuke ngazi taratibu, na kwenye korido msimpigie mtu simu.